T'Challa Kwenye Karatasi: Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu vitabu vya watoto vinavyotolewa pamoja na filamu za mashujaa, nikataja kile cha Black Panther, yaani T'Challa, mfalme shujaa wa nchi ya kubuni ya Wakanda. Sikutegemea barua zije nyingi hivi. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na miaka kumi na moja ya mwisho nilishika maktaba ya shule. Sasa ni bibi wa wajukuu watano, na vitabu bado ndiyo kazi yangu. Nimechagua barua nne.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka tisa, yuko Darasa la Tatu. Filamu ya Black Panther ameiona zaidi ya mara ishirini, ile iliyotafsiriwa, kwenye flashi ya mjomba wake. Nilipita kwa muuza vitabu vya mitumba nikakuta kitabu chake, nikamnunulia kwa elfu tatu. Ni cha Kiingereza, maneno matupu isipokuwa picha chache za rangi katikati. Kukisoma hajui, lakini halali bila hicho kitabu, anakiweka chini ya mto. Baba yake anasema hicho si kitabu, ni mabaki ya sinema, nimtafutie mtoto hadithi za maana. Mimi mwenyewe Kiingereza changu ni cha Kidato cha Nne, na nilipata D. Nifanyeje?*
*Mama Mudi, Kiluvya*

Marahaba mwanangu. Nianze na baba Mudi, maana naona neno lake limekuuma kuliko hiyo D.

Zamani mimi nilikuwa upande wake. Mwanzoni mwa kazi yangu ya maktaba alinijia msichana wa Darasa la Tano na kijitabu cha katuni cha shujaa anayeruka angani, jalada limechanika, akaniomba akae nacho mezani asome. Nikamwambia hapa ni mahali pa vitabu. Nikakifungia kabatini mpaka saa ya kutoka. Alikuja kukichukua, akasema "Asante Mwalimu", akaondoka, na maktabani kwangu hakukanyaga tena hadi alipomaliza la saba. Nilikuwa namwona kila asubuhi mstarini. Sijapata kulisahau jambo lile, na ndilo linalonifanya nimwombe baba Mudi anisikilize kidogo.

Kitabu cha namna hii hutengenezwa hivi. Wenye filamu wanaipa ruhusa kampuni ya vitabu. Kwa Black Panther, riwaya ya watoto ilitolewa na Little, Brown ya Marekani mwaka ule ule wa 2018 filamu ilipotoka. Mwandishi hukabidhiwa mswada wa filamu, yaani zile karatasi zenye maneno ya waigizaji na maelezo ya kila tukio, akaambiwa: geuza hii iwe hadithi ya mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili. Na kwa kuwa kitabu kinatakiwa kiwe dukani siku filamu inapoingia kwenye majumba ya sinema, na kuchapa kunakula miezi, mara nyingi huyo mwandishi anaandika huku filamu yenyewe bado inakatwa na kuungwa. Ndiyo maana mtoto akisoma vitabu vya aina hii huweza kukuta neno au tukio ambalo kwenye filamu halimo. Mtoto hujiona kamshika mtu kosa, na hapo anasoma kwa macho makali kweli!

Si kazi ya kubeza, mama. Filamu ile ni ya saa mbili na dakika kumi na nne. Mwandishi anatakiwa aipunguze damu, aharakishe vita, na hata hivyo hadithi isimame kwa miguu yake. Mwenye kamera ana uso wa mwigizaji Chadwick Boseman, ana ngoma, ana maporomoko ya maji. Mwenye kalamu ana maneno tu.

Nikupe la kwangu. Mjukuu wangu wa kiume, ana miaka minane, alikuja likizo na kitabu hicho hicho. Usiku mmoja umeme ulikatika, tukawasha taa ya sola, tukakaa mkekani. Tulikuwa tumefika pale T'Challa anaposimama majini kupimana nguvu na M'Baku, kiongozi wa Wajabari. Unakumbuka, kabla ya pambano anakunywa dawa ya kumwondolea nguvu za Chui Mweusi, abaki mtu kama watu. Kwenye filamu mahali pale ni kelele tupu, maji yanaunguruma, watu wanaimba, ngoma zinarindima. Chumbani kwangu palikuwa kimya, mbu tu. Nikasoma aya, nikamsimulia. Mtoto akaniwekea mkono juu ya ukurasa nisigeuze. "Bibi," akasema, "hapa alikuwa anaogopa?" Filamu kaiona mara nyingi kama Mudi wako, na swali hilo halijawahi kumjia, kwa sababu picha zilikuwa zinakimbia. Karatasi ilimsubiri.

Tukaendelea. M'Baku amebanwa, yuko ukingoni, T'Challa angeweza kummaliza. Badala yake anamsihi akubali yaishe, watu wake wanamhitaji. Mimi nikasema, "Akamwambia akubali kushindwa." Mjukuu akaruka. "Hapana Bibi! Sema 'Salimu amri!'" Nikasema tena, kwa sauti: Salimu amri! Akalala chali kwa raha. Maneno hayo aliyatoa kwenye ile iliyotafsiriwa, nami nikajua palepale kwamba mtafsiri wa filamu kanizidi.

Sasa ndiyo nakuja kwenye D yako. Mama Mudi, nani amekwambia ukitafsiri? Wewe umekua unajua vibanda umiza vya kuonyeshea video. Umesikia kazi ya Lufufu, msimuliaji wetu wa filamu, na jirani zetu wa Kenya wana DJ Afro. Wale hawakai wakahesabu neno kwa neno. Wanaitazama filamu, wanaishika habari, halafu wanaimwaga kwa Kiswahili cha mtaani kwao mpaka mzee wa gengeni anamfahamu askari wa Marekani kama shemeji yake. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa. Jioni, kabla hujakaa na mtoto, pitia kurasa mbili peke yako. Neno usilolijua liache kama hadithi inakwenda bila hilo. Likikukwamisha, tazama kamusi ya kwenye simu. Kisha mwite, weka kidole kwenye mstari, msimulie. Hadithi yenyewe mnaijua nyote wawili, huwezi kupotea mbali. Na ukipotea, Mudi atakurudisha, anaijua kuliko wewe na mimi.

Vibraniamu usiiite "madini fulani". Sema chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, maana ndiyo habari yake, kimondo kilianguka nchi ile zamani za kale. Lile jani la umbo la moyo wanalompa mfalme, kwetu lina jina bila kuhangaika: dawa. Anapokunywa akaenda kumwona baba yake T'Chaka, sema amekwenda kwa wahenga.

Na kusoma je? Atajifunza, lakini usianze na sentensi. Anza na majina. Nilimpa mjukuu wangu kikombe cha maharage, nikamwambia kila utakapoliona jina la Shuri, dada yake T'Challa, weka harage moja mezani. Mtoto aliyekuwa hataki hata kufungua daftari la Kiingereza alipitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa. Mwisho wa sura tulikuwa na maharage kumi na saba. Usiku wa pili Okoye, wa tatu Nakia. Usiku wa nne akaniuliza lile neno linalokuja kila mara baada ya jina la Shuri ni nini. Lilikuwa "said", yaani alisema. Toka hapo kila usiku nilimwachia sentensi moja aisome mwenyewe, fupi, yenye jina analolijua. Wiki ya tatu zikawa tano.

Mtoto anayeijua hadithi kabla hajaisoma ana bahati kubwa. Akili yake haigawanyiki. Hana haja ya kuhangaika nani ni nani na kitatokea nini. Nguvu zote anazipeleka kwenye maneno. Hadithi mpya kwa lugha ngeni ni mizigo miwili kwa mpigo, na mtoto wa miaka tisa hujikuta kaitua yote.

Baba Mudi anataka hadithi za maana. Mwombe akae nanyi usiku mmoja tu, ule wa sura anayotupwa T'Challa kutoka juu ya maporomoko na kila mtu akaamini amekufa. Anayemweka hai barafuni ni nani? M'Baku, yule aliyeachiwa uhai wake majini. Wema ule wa mwanzo ndio uliomrudia. Akisikia hapo, umpe yeye sehemu ya M'Baku aiseme. Ana sauti nzito? Wanaume wengi hukataa kusoma lakini kuigiza hawakatai.

*

*Habari yako Mwalimu. Nina msichana wa PP2 hapa Nakuru, miaka mitano. Binamu zake wakubwa wamemwonyesha Black Panther na sasa anataka kitabu. Nikienda kwa wauzaji wa inama, wanaopanga vitabu chini mjini, napata vya aina nyingi, vyembamba, vinene, bei tofauti. Kipi kinamfaa? Swali la pili ni gumu kidogo. Amesikia kwa binamu zake kwamba "Black Panther alikufa", na anataka kujua ni kweli ama ni sinema. Nimekwepa mara tatu.*
*Baba Wanja*

Njema, baba. Usinunue kwa jalada. Yote yana picha ile ile ya T'Challa mbele, na muuzaji hana makosa akikwambia yote ni mamoja.

Kinene chenye sura ni cha mtoto wa Darasa la Tatu kwenda juu, kama cha Mama Mudi hapo juu. Kuna vyembamba vya kujifunzia kusoma, vina namba ya kiwango kwenye jalada, sentensi mbili tatu chini ya picha; hivyo Wanja atavifikia baada ya mwaka mmoja au miwili. Na kuna vya picha vya kusomewa. Wamarekani wana mfululizo wao wa Little Golden Books, vyenye uti wa dhahabu, unaochapwa tangu 1942, na Black Panther naye aliingizwa humo. Hicho ndicho cha kwake. Picha zake ni za kuchorwa, si za filamu, na kwa umri huu hilo lina uzito: uso uliochorwa hautishi kama uso wa mtu mwenye hasira. Kama hukukipata hicho hicho, inama hapo hapo, fungua katikati, soma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini. Kama umemaliza pumzi kabla ya ukurasa kwisha, kirudishe.

Kitu kimoja zaidi kabla sijaja kwenye swali gumu. Nakia wa kwenye filamu ni Lupita Nyong'o, wa kwenu, na mnakumbuka Februari 2018 filamu ilivyoonyeshwa Kisumu watu wakavaa mavazi yao ya sherehe. Lupita mwenyewe ameandika kitabu cha picha cha watoto mwaka 2019, *Sulwe*, kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Sulwe kwa Kijaluo ni nyota. Mwambie Wanja: huyu Nakia ameandika kitabu. Utaona atakavyokipokea. Njia hiyo ya kutoka kitabu cha filamu kwenda kitabu kingine, kwa kumfuata mtu anayempenda, nimeiona ikifaulu kuliko mahubiri yote ya walimu.

Sasa mauti. Baba, usikwepe mara ya nne. Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020, ana miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana. Alikuwa mgonjwa kwa miaka, na watu wengi hawakujua. Filamu ya pili iliyotoka Novemba 2022 ilianza kwa msiba wa T'Challa mwenyewe; hawakumtafuta mtu mwingine wa kuivaa nafasi yake. Kwa hiyo binamu wamesema kweli, kweli mara mbili.

Mtoto wa miaka mitano hajui kutenganisha, na maneno machache ya wazi yanamsaidia kuliko ukimya. Ningemwambia hivi, nikiwa nimempakata: "Kulikuwa na mtu anaitwa Chadwick. Kazi yake ilikuwa kuigiza kuwa T'Challa. Aliugua, madaktari walijaribu, akafariki. Watu wengi walilia. Kwenye kitabu hiki T'Challa bado yupo, na tukikifungua tutamkuta." Kisha fungua, msome. Ataweza kuuliza swali hilo hilo kesho na keshokutwa. Jibu vilevile, maneno yale yale. Watoto wanarudia swali ili kuona kama jibu halijahama.

Na akikuuliza kama wewe baba utaugua, mwambie ukweli kwamba leo u mzima na uko hapa naye.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Darasa la Nne kijijini, wilaya ya Sengerema. Wanafunzi 84, na kitabu cha Black Panther nilicho nacho ni kimoja. Kwa miezi mitatu nimekitafsiri chote kwa Kiswahili, daftari mbili zimejaa. Nawasomea Ijumaa kipindi cha mwisho, utoro wa Ijumaa umepungua, naona kwa macho. Sasa nataka nichape, nitoe kopi, niwauzie wazazi shilingi elfu moja ya kurudisha gharama. Mwalimu mwenzangu ananitisha kwamba nitafungwa. Ni kweli?*
*Mwalimu wa Ijumaa*

Marahaba mwalimu mwenzangu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa heshima. Daftari mbili kwa mkono, baada ya kusahihisha kazi za watoto 84!

Lakini mwenzako ana hoja, na ni afadhali uisikie kwangu. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na inayosimamia Bara ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kitabu, kama ilivyo haki ya kuchapa. Kitabu cha filamu kina wenyewe wawili, kampuni ya kitabu na wenye shujaa. Ukichapa tafsiri na kuipokelea fedha bila ruhusa yao, hata kama fedha ni ya wino na karatasi, umevuka mstari. Usitoe kopi. Kuwasimulia watoto wako kwa mdomo kipindi cha mwisho ni jambo jingine, ndiyo kazi ya mwalimu tangu enzi, endelea. Daftari zako zitunze. Ukitaka, waandikie wenye kitabu barua ya kuomba. Anwani ya mchapishaji iko nyuma ya ukurasa wa kwanza wa ndani. Huenda wasijibu. Andika tu.

Ila nikuulize: hao watoto 84 umewaonjesha T'Challa, unawapa nini akiisha? Mimi ningewaletea Fumo Liyongo, na huyo hana kampuni ya kumwombea ruhusa. Ni wa kwetu wote, wa simulizi za pwani tangu mababu.

Waambie hivi. Liyongo ni mtu mrefu, ana nguvu za kutisha, ana upinde ambao wengine hawawezi kuuvuta, na zaidi ya yote ni malenga. Sultani wa Pate anamwogopa atamnyang'anya ufalme. Anafungwa gerezani, kwa minyororo. Mama yake kila siku anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi, na walinzi kila siku wanakipora kile kizuri. Basi Liyongo akamtungia kijakazi wimbo, mbele ya masikio ya walinzi, na ndani ya wimbo mkawa na ujumbe kwa mama: oka mkate wa wishwa, ndani uweke tupa. Mama akaoka. Walinzi wakaona ni mkate wa pumba, hauliki, wakacheka, wakampa. Akaomba usiku ule ipigwe ngoma ya gungu, wenyewe wakapiga na kuimba, na kila vumi lilipopanda yeye alikuwa anakereza minyororo kwa tupa. Ngoma ilipokolea akasimama.

Simamia hapo, mwalimu. Wapelekee Ijumaa hiyo kipande cha chuma na tupa ya fundi baiskeli, mmoja akereze, wengine wapige madawati. Waulize kama wanasikia tupa. Hawatasikia! Nimelifanya hilo na Darasa la Nne, na mwalimu mkuu alikuja mbio kuangalia kuna nini, akabaki mlangoni mpaka hadithi ikaisha.

Halafu Ijumaa inayofuata, sehemu chungu. Chuma hakimuui Liyongo, wala mshale. Kinachomuua ni kitu kimoja, sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo anaijua mwenyewe. Wakamhonga mwanawe wa kumzaa akamuulize. Mtoto akauliza, baba akajua kwa nini anaulizwa, na bado akamwambia. Akachomwa usingizini. Akaamka, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti akautega mshale, akafa hivyo hivyo amepiga goti. Siku kadhaa mji mzima ukakosa maji, watu wanamwona kwa mbali wanadhani yu hai. Hata mama yake aliletwa kumbembeleza kwa mbali. Kipini, mdomoni mwa Mto Tana, hadi leo wanaonyesha kaburi lake.

Weka wawili hao ubaoni, T'Challa kulia, Liyongo kushoto, uwaulize watoto: nani kapokonywa nguvu na nani? Nani alisalitiwa na damu yake? Kwa T'Challa ni Killmonger, binamu. Kwa Liyongo ni mwana. Watakuandikia insha bila kulazimishwa. Na hizo insha zao ndizo za kuchapa na kutoa kopi. Hakimiliki ni yao.

*

*Shikamoo Bibi. Mimi nina miaka kumi na moja, niko Lamu. Nimesoma kitabu cha Black Panther chote peke yangu. Swali langu: Wakanda iko wapi, na mbona watu wake hawasemi Kiswahili? Na lugha wanayosema kwenye filamu ina mlio, nimeshindwa kuufanya.*

Marahaba mjukuu wangu. Chote peke yako! Hongera sana, na mwambie mama yako Bibi amesema hongera.

Wakanda haiko duniani. Waliibuni Wamarekani wawili, Stan Lee mwandishi na Jack Kirby mchoraji, kwenye jarida la katuni la mwaka 1966. Lakini walioitengeneza filamu walichukua vitu vya kweli vya Waafrika wa kweli wakavitia humo, na mshona mavazi mkuu, Ruth Carter, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019. Kirudie kitabu chako, fungua penye picha. Wale askari wanawake wa mavazi mekundu, Dora Milaje, utaona kitu cha Wamasai kwenye wekundu na shanga zao. Mablanketi ya W'Kabi na wenzake ni ya Wasotho wa Lesotho, kwenye milima yenye baridi. Kofia ya mviringo ya mama mfalme ni ya wanawake wa Kizulu. Na lile jina la watu wa M'Baku, Jabari, kwenu Lamu hukosi kulijua. Muulize babu maana yake.

Lugha ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Ilikuwaje? Mzee aliyekuwa baba yake T'Challa kwenye filamu ya mwaka 2016, Captain America: Civil War, ni John Kani, na Kixhosa ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Akaitumia pale, Chadwick akajifunza kwake, na ilipokuja filamu ya 2018 Wakanda ikawa inasema lugha ya mzee Kani. Kama mzee yule angekuwa mtu wa Lamu, leo tungekuwa tunasikia Kiamu.

Kuhusu mlio: iko mitatu mikubwa. Ulioandikwa kwa herufi c ni ulimi nyuma ya meno ya mbele, uuvute, kama mtu anayesikitika "tsk". Wa q ni ulimi juu kabisa kwenye paa la kinywa, uuachie ghafla, ulie kama kizibo cha chupa. Wa x ni wa pembeni, shavuni, na huo wewe unaujua tayari, kwa sababu uko Lamu: ni kama unavyomhimiza punda. Toka uchochoroni ukamsikilize mwenye punda. Neno Xhosa lenyewe linaanza na huo.

Na usidhani milio hiyo iko kusini tu. Hapa Tanzania, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Mkoa wa Dodoma lugha zao zina milio ya ulimi.

Sasa Bibi ana ombi. Una wadogo zako? Wasomee hicho kitabu, na Wakanda yako iseme Kiamu. Kisha niandikie. Kuna pale vitani Okoye, mkuu wa Dora Milaje, anapomwelekezea mkuki W'Kabi, mwanamume anayempenda, mpaka mwanamume anaweka upanga chini na kupiga magoti. Nataka kujua wewe umemfanya Okoye aseme nini.